Kiboksi Kilichokuwa Kikimeza Maneno ya Baba

Mwezi wa nne nilikuwa natoka Korogwe kuchukua vitambaa vya harusi ya mteja. Ndani ya basi nikavaa hedifoni, nikafungua kwenye simu faili la kaseti ya baba lililoandikwa "Mei 1984". Kaseti hiyo nimeisikiliza nyumbani hata hesabu siijui. Naijua inavyoanza: sauti ya baba inasema "kwanza, tarehe mosi Mei, saa tatu usiku," halafu mvumo kama wa upepo mkali, halafu mvumo unakufa na fidla zinaingia. Siku zote nilielewa kwamba hilo "kwanza" ni upande wa kwanza wa kaseti. Baba alikuwa karani wa shamba la mkonge, mtu wa daftari na tarehe, kwa hiyo sikuona ajabu akitaja upande kabla ya siku.

Ndani ya basi nikasikia hivi: "Mama watoto, zima jiko kwanza. Tarehe mosi Mei, saa tatu usiku."

Nikarudisha mwanzo. Nikarudisha tena. Dada aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia hapana, nimemsikia baba yangu. Baba alifariki 2009. Maneno manne yake nilikuwa nayo ndani ya nyumba kwa miaka mitano bila kuyasikia, kwa sababu kiboksi cha shilingi 35,000 kinachounganisha TV na amplifaya yangu kilikuwa kinayameza kila nilipoanzisha faili.

Naeleza hapa yaliyofuata mpaka nikabadilisha kiboksi, kwa kuwa najua wengi mmeunganisha TV na amplifaya ya zamani kama mimi, na naamini wapo mnaokosa mwanzo wa kila wimbo bila kujua.

Sebule yangu hapa Ngamiani mchana ni chumba cha kushonea, usiku ndiyo inakuwa sebule. Kwenye kona kuna amplifaya ya Sansui ambayo mjomba, aliyekuwa baharia, alimletea baba, na spika mbili za mbao ambazo vitambaa vyake nilivibadilisha mwenyewe. Amplifaya hiyo haijui fleshi wala Bluetooth. Nyuma ina matundu ya pini nyekundu na nyeupe, basi. Inataka umeme unaopanda na kushuka kama sauti yenyewe inavyopanda na kushuka.

Kaseti za baba ni 40, nyingi za dakika 60: taarabu ya hapa Tanga enzi za Black Star na Lucky Star, dansi za Radio Tanzania, na hotuba chache. Mdogo wangu anayefanya kazi Muscat aliondoka nazo 2019, akakaa nazo karibu mwaka mzima, akazihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, usiku akitoka kazini. Akakata ukimya wa mwanzoni na wa mwishoni, akagawa wimbo kwa wimbo, akanirudishia fleshi moja yenye mafaili zaidi ya 300, jumla GB 25 hivi. Hakupunguza ubora hata kidogo, ndiyo maana yamekuwa mazito: dakika moja inakula karibu MB 10. Namshukuru mpaka leo.

Fleshi inaingia kwenye TV. TV inatoa sauti kwa njia ya mwanga, ule waya mwembamba ambao ukiuchomoa unaona nukta nyekundu inawaka kwenye ncha. Njia hiyo ilianzishwa na Toshiba mwaka 1983 na bado ipo nyuma ya TV nyingi. Lakini kinachopita pale ni namba tupu, na Sansui haisomi namba. Katikati lazima pawe na kigeuzi, kitu kinachopokea namba na kutoa umeme wa sauti. Wauzaji wanakiita DAC. Kila simu inacho ndani, kila TV inacho, kila deki ya CD inacho. Kiboksi ni kitu hichohicho, kimewekwa nje tu.

Mimi nakielewa kwa chaki. Unapochora kwapa la gauni hupimi mstari mzima. Unatia nukta: hapa inchi moja, hapa moja na nusu, hapa mbili kasoro robo. Kisha unaziunganisha kwa mkono, kwa mchirizo mmoja uliopinda. Nukta zikiwa karibu vya kutosha, mchirizo unaoweza kupita pale ni mmoja tu, huwezi kukosea. Sauti ya CD, tangu zilipotoka mwaka 1982, imehifadhiwa hivyo: nukta 44,100 kila sekunde, kushoto zake na kulia zake, na kila nukta imepimwa kwa rula yenye alama 65,536. Kigeuzi ndio mkono unaounganisha nukta. Sikio la mtu, likiwa zima na changa, linaishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, na kuuchora mtetemo mmoja panatakiwa nukta zaidi ya mbili. Piga hesabu mwenyewe uone kwamba 44,100 zinatosha na chenji inabaki.

Kiboksi changu cha kwanza nilikinunua Kariakoo. Cha bati jeusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, tundu la mwanga upande mmoja, pini nyekundu na nyeupe upande wa pili, na taa moja ndogo. Siku ya kwanza kilitoa mkwaruzo mtupu. Kumbe TV ilikuwa inapeleka sauti iliyofungashwa ya Dolby, na viboksi vya bei ile havijui kuifungua. Nikaingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, nikachagua PCM, yaani namba tupu zisizofungashwa, kikaimba. Chako kikikwaruza au kikinyamaza kabisa, anzia hapo kabla hujakirudisha dukani.

Halafu ukaja mluzi. Umeme wa kiboksi nilikuwa nautoa kwenye tundu la USB la TV. Ukiongeza sauti wakati hakuna wimbo, unasikia kitu chembamba kama mbu, na kinabadilika kadiri picha inavyobadilika kwenye TV. Nikakihamishia kwenye powabenki, mbu akaondoka. Tangu hapo powabenki ndiyo kipimo changu cha kwanza kwa kifaa chochote kinachotumia volti 5: kelele ikiondoka, kosa lipo kwenye umeme unaoingia, ikibaki, tafuta kwingine. Nikanunua adapta ya maana kidogo, mluzi ukapungua ingawa haukwisha. Na cherehani nayo ilikuwa na lake. Mota yake ina burashi za kaboni, zikizunguka zinatoa cheche ndogondogo, na kila nilipokanyaga pedali spika zilikuwa zinatema "trrr". Cherehani na amplifaya zilikuwa kwenye ekstensheni moja. Nikazitenganisha, hii soketi ya ukuta ule, hii ya ukuta huu, ikawa afadhali mno.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshajiona najua tabia zote za kile kiboksi. Hata ule mvumo wa mwanzo wa Mei 1984 nilikuwa na maelezo yake: kiboksi kinapata moto. Ulidumu sekunde kumi hivi, ukazima. Ulitokea kwenye kaseti nne au tano tu kati ya 40, na sikujiuliza kwa nini kiboksi kipate moto kwa kaseti hizo na zisiwe nyingine.

Lilikuwa jiko. Redio ya baba ilikuwa ile ya mbao, haina kaseti, kwa hiyo alikuwa anaweka kinasa sauti mbele yake na kurekodi kwa maikrofoni, na maikrofoni inasikia chumba kizima. Wakubwa mnalijua jiko la pampu la mafuta ya taa linavyovuma. Baba anatoa agizo, jiko linaendelea kuvuma mpaka mama aifikie ile funguo ya kutoa pumzi, linapumua "pshhh", fidla zinaanza. Yote yamo kwenye faili, kwa mpangilio huohuo. Nami kwa miaka mitano nilikuwa nalaumu chipu.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nikaanzisha faili kwa spika za TV yenyewe: maneno yote yapo. Nikapitisha kwenye kiboksi: "kwanza, tarehe mosi Mei." Nikarudia mara kumi, mara kumi zote vilevile. Safari ya mwisho nikainama nikaitazama taa. Inawaka pale kinaposhika namba. Faili lilipoanza taa ilikuwa bado imezima, ikawaka, na sauti ikafunguka palepale kwenye "kwanza".

Kesho yake nikakipeleka kwa fundi redio, mzee ambaye aliwahi kuitengeneza hata redio ya baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Akakifungua, akavaa miwani yake ya lenzi, akakagua kapasita moja moja, akagusa kila sehemu iliyochomewa risasi, akapima umeme: volti 4.9. Kisha akakifunga skrubu zote nne, taratibu, kabla hajasema neno.

"Hiki hakiumwi," akaniambia. "Kinasinzia. Namba zikikatika kinafunga mdomo kisije kikakukwaruza masikio. Zikirudi kinataka kwanza kiushike mwendo wake ndipo kifungue. Mpiga dumbaki akikuta wenzake wameshaanza, si anasikiliza mapigo mawili matatu ndipo anaingia? Ndivyo. Sasa hiki kinasikiliza sana. Kimeumbwa hivyo, sina cha kutengeneza."

Akakataa hela yangu. Nilimshonea kofia baadaye.

Nikampigia mdogo wangu Muscat. Alinyamaza kwa muda, maana yeye maneno yale alikuwa anayajua tangu 2019 na alidhani nami nayajua. "Dada, nikuongezee sekunde mbili za ukimya mwanzoni?" Akaongeza kwenye lile faili moja, akanitumia, na kweli, kiboksi kikaamka ndani ya ukimya na baba akasema yote. Kwa hiyo naandika wazi: tatizo hili linaweza kutibiwa bila kununua kitu. Ukiwa na mafaili machache, ongeza ukimya mwanzoni, yamekwisha. Yangu yalikuwa zaidi ya 300, na mdogo wangu ana familia na zamu za usiku.

Jioni hiyo na nyingine tatu zilizofuata nilikaa na simu, hedifoni na daftari langu la vipimo vya wateja, nikaandika ukurasa wa nyuma kila nilichokuwa nakikosa. Kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, inavyopanda ngazi mara moja kabla ya sauti ya mwimbaji, kwenye nyimbo kama ishirini. Pigo la kwanza la besi kwenye dansi, lile ambalo wachezaji wanainukia. Mtangazaji anayesema "wapenzi", nami nilizoea "wasikilizaji" peke yake. Kwenye kaseti ya 11, mtoto anaomba maji. Kwenye kaseti ya 26 baba anakohoa, anasema "haya", na "haya" ile ilikuwa inanifikia nusu. Kurasa nne zilijaa. Nilipozisoma nikaamua nabadilisha.

Kutafuta kulinichukua wiki sita. Kijana wa duka moja Dar alinieleza kwa simu, kwa bidii kabisa, juu ya biti 32 (biti ndizo zinazosema rula ina alama ngapi) na nukta 384,000 kwa sekunde. Nikamuuliza kinachukua muda gani kuanza kuimba baada ya kuanzisha wimbo. Hakuwa na jibu, na hakuna karatasi ya maelezo niliyoiona inayoandika hilo. Namba kubwa hazikunivutia, kwa sababu najua ninachosikiliza. Kaseti nzuri, kutoka sauti yake ya juu mpaka kelele ya chini ya utepe wenyewe, ina nafasi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 50 hadi 60. Biti 16 za CD, ndiyo ile rula ya alama 65,536, zinabeba kama 96. Kaseti ya baba inaingia mle ndani na kujigeuza. Kumlipia biti 32 ni kama kupima gunia kwa rula ya milimita.

Kwanza nilijaribu kitu kidogo kabisa, kile kipande cha waya cha kuunganishia hedifoni kwenye simu zisizo na tundu la duara. Watu wanadhani ni waya tu. Ndani yake kuna kigeuzi kamili, na cha Apple, kinachouzwa dola 9 Marekani, kimepimwa na wengi na kukutwa safi kuliko viboksi vya bei mara kumi. Jambo moja la kujua: kinachouzwa Ulaya kimepunguzwa nguvu, kinatoa kama nusu volti badala ya volti moja, na deki ya CD ya kawaida hutoa volti 2, kwa hiyo kitufe cha amplifaya utakizungusha zaidi. Changu hakikuwa cha Apple, nilikinunua shilingi 20,000 hapa hapa Tanga, nikakichomeka kwenye simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo. "Mama watoto, zima jiko kwanza." Yote, mara ya kwanza tu.

Ningeweza kuishia pale, na mwenye bajeti ndogo namshauri aishie pale. Kilichonishinda ni chumba changu. Nyuzi, vumbi la vitambaa, wateja wanaopita kujaribu nguo, na kijitundu kinacholegea ukikigusa. Mara mbili waya ulivutwa na mguu wa mtu na simu ikaanguka. Nilitaka boksi zito linalokaa mahali pake, lenye pini nyekundu na nyeupe nyuma, linalokubali mwanga kutoka TV na USB kutoka simu.

Nikalipata kwa kijana wa Sinza aliyekuwa anauza lake anunue kubwa zaidi. Jina la boksi siliandiki, kwa sababu matoleo yanabadilika kila mwaka na anayenunua kwa jina anaweza kupata kitu tofauti ndani. Yeye mwenyewe alinisisitizia hilo: chipu ya lake ni ya AKM, la kabla ya moto. Ni kweli kabisa. Oktoba 2020 kiwanda cha Asahi Kasei, ndiyo hao AKM, kule Nobeoka, Japani, kiliungua, chipu zikaadimika dunia nzima, na watengenezaji wengi wakahamia za ESS ya Marekani. Kwangu hilo halikuwa na uzito. Nilitaka jambo moja, nikatafuta namna ya kulipima nikiwa Tanga na boksi likiwa Sinza.

Nilijirekodi nikihesabu moja mpaka kumi, nikalikata faili mpaka "moja" ikae mwanzoni kabisa, bila hata pumzi mbele yake. Nikamtumia kijana kama faili, nikamwomba alicheze kupitia boksi lake, kwa mwanga na kwa USB, huku simu nyingine inarekodi spika. Alishangaa lakini alifanya. Kwa USB nikasikia "moja, mbili, tatu". Kwa mwanga nikasikia "…ja, mbili, tatu". Kumbe nalo lilikula kidogo kwa njia ya mwanga, nusu ya neno, lakini kwa USB halikula kitu. Faili hilo la kuhesabu lina thamani kuliko maelezo yote niliyoyasoma. Litengenezeni, litachukua dakika tano.

Alitaka 180,000, tukaelewana 165,000. Likaja na basi la asubuhi, limefungwa kwenye fulana mbili na gazeti.

Lina kidirisha kinachoonyesha kasi ya nukta zinazoingia. Nililitegemea liandike 44.1, likaandika 48. Faili ni la 44,100, najua, mdogo wangu aliniapia. Nikagundua ni simu: simu za Android kwa kawaida hupiga hesabu upya na kupeleka nukta 48,000 kila kitu, isipokuwa utumie programu inayoruka hatua hiyo. Nikaiweka programu ya namna hiyo, kidirisha kikaandika 44.1, nikafurahi kama mtu aliyepata mshono unaokutana sawasawa begani. Masikio yangu hayakuona tofauti yoyote kati ya hizo mbili, nikiwa mkweli. Nimeiacha kwenye 44.1 kwa sababu ndivyo lilivyorekodiwa.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza: je, linaimba vizuri kuliko la 35,000? Nililipima hilo kwa haki. Nikageukia ukuta, binti yangu akawa anahamisha waya wa mwanga kutoka kiboksi hiki kwenda hiki na kugeuza swichi ya amplifaya, akiandika kwenye karatasi, nami nakisia. Wimbo tuliusikiliza katikati, si mwanzo. Nilipatia tisa kati ya kumi! Nikaanza kuwaza maneno matamu ya kuandika hapa. Halafu nikachukua mita ya fundi, nikacheza mlio mmoja wa mitetemo 100, nikapima kwenye waya wa spika. Boksi jipya lilikuwa na nguvu zaidi. Chenye sauti kubwa kidogo kwa kawaida kinasikika kizuri zaidi, hata tofauti ikiwa ndogo kiasi kwamba hutambui kuwa ni ukubwa. Nikalipunguza kwa rimoti mpaka mita ikasoma namba ileile kwa yote mawili, tukarudia. Sita kati ya kumi. Hiyo ni kubahatisha.

Kwa hiyo ndani ya wimbo, kwa kaseti hizi na masikio haya ya miaka 47, hakuna nilichokinunua. Nilichonunua kipo pembeni ya wimbo. Kipo mwanzoni, nimeshaeleza. Na kipo kwenye ukimya: saa nane za usiku, mtaa umelala, nikakizungusha kitufe cha sauti zaidi ya nusu bila wimbo wowote. La zamani lilikuwa na ule mbu wake hata kwa adapta nzuri. Jipya, niliweka sikio kwenye kitambaa cha spika ndipo nikasikia pumzi ya amplifaya yenyewe. Mwimbaji wa taarabu anaponyamaza kabla ya kurudia kibwagizo, sasa ananyamaza kweli.

Onyo moja kwa watakaotumia kompyuta. Nilipoliunganisha boksi na kompyuta ya binti yangu ikiwa kwenye chaja, spika zikavuma kwa mvumo mzito wa umeme wa ukutani, ule wa mitetemo 50. Tukachomoa chaja, kimya. Ni erthi mbili zimekutana kupitia waya wa sauti na kufanya duara. Tumia betri, au tumia mwanga, ambao haupitishi umeme kabisa. Nimewahi kuona watu wanakata mguu wa erthi kwenye plagi ili mvumo uishe. Tafadhali msifanye hivyo. Mguu ule upo kwa ajili ya uhai wa mtu atakayeshika bati siku waya wa ndani utakapochubuka, na nyumba nyingi tuna watoto.

Jumapili ile mama alikuwa ukumbini anapeta mchele. Sikumwambia kitu. Nikaanzisha Mei 1984 kwenye Sansui, kwa sauti ambayo baba alipenda, ya kujaza chumba bila kusumbua jirani.

"Mama watoto, zima jiko kwanza."

Ungo ukasimama. Nikamwona ameinua kichwa anatazama mlango wa jikoni, ambako kuna jiko la gesi na halikuwa limewashwa. Fidla zikaingia, akawa bado anatazama kulekule.

"Maharage yalikuwa hayajaiva," akasema. "Siku ile nilizima, nikawasha tena saa nne, mafuta yakakatika. Mlilala na uji."

Akaniomba nirudishe. Nikadhani anataka kumsikia baba, nikamwambia nitaongeza sauti.

"Hapana, iache hapohapo. Nataka nilisikie jiko. Lile alinipa mama yangu."

Nikarudisha. Baba akasema yake. Mvumo ukaendelea, na mama akanyoosha kidole akawa anaufuata: "Hapo bado nimekaa. Hapo nainuka. Hapo nimeinama." Likapumua. "Hapo."